Nani Alikuwa Zamu?

Mwishoni mwa mwaka 2007, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, jijini Dar es Salaam, vijana wawili wenye jina moja la kwanza walipelekwa kupasuliwa. Mmoja alikuwa na tatizo la goti, mwenzake la kichwa. Wa goti akapasuliwa kichwa, wa kichwa akapasuliwa goti. Habari ilitanda kwenye daladala, vijiweni na saluni. Jirani yetu mmoja aliyekuwa akisubiri kupasuliwa ngiri alitangaza kwamba ataandika kwa kalamu ya wino juu ya ngozi yake: "Ni hapa." Tulicheka. Baadaye nilikuja kujua kwamba utani wake ndio utaratibu wa kitaalamu: mpasuaji anatakiwa aweke alama mahali pa kisu, mgonjwa akiwa macho bado.

Miaka kumi ikapita. Februari 2018, katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi, kulikuwa na wanaume wawili. Mmoja damu ilikuwa imeganda ubongoni na alihitaji upasuaji, mwenzake alikuwa na uvimbe usiohitaji kisu. Aliyefunguliwa fuvu ni yule wa uvimbe. Saa kadhaa zilikatika kabla ya madaktari kutambua kwamba damu waliyokuwa wakiitafuta haikuwemo.

Yaliyofuata yalifanana mno katika miji yote miwili. Dar es Salaam madaktari walisimamishwa kazi. Nairobi alisimamishwa daktari aliyekuwa bado masomoni kuusomea ubingwa, na barua za kujieleza zikaandikwa kwa wauguzi na mtaalamu wa usingizi. Madaktari wenzake wakaja juu wakisema mwenzao ametolewa kafara. Waziri naye akaingilia na kumpeleka mkurugenzi wa hospitali likizo ya lazima. Kila ngazi ilimnyooshea kidole aliye jirani, chini au juu, na swali lililotawala lilikuwa moja: nani alikuwa zamu?

Sitaki kueleweka vibaya. Mtu aliyefunguliwa kichwa bila sababu ana haki ya kujua ni nani aliyemfungua. Lakini swali la "nani" likitangulia, mengine yote hufunga mlango. Nani aliandika lebo ya mgonjwa? Sawa. Je, ni nani aliyeamua namna hospitali ya rufaa itakavyowatambua wagonjwa wake? Na kati ya wote waliokuwamo mle ndani, hakuna hata mmoja aliyekuwa na shaka? Kama alikuwapo, kwa nini hakusema? Maswali haya matatu hayaishii kwa mpasuaji. Yanapanda mpaka kwenye ofisi yenye kiyoyozi, ambako aghalabu kuna karatasi ukutani imeandikwa dira, dhamira na maadili ya taasisi. Mimi naamini maadili ya hospitali huonekana mahali pamoja: habari mbaya inapotokea wodini, je, inapanda hadi kwa mkubwa, au inazama palepale?

Jambo linalouma zaidi katika kisa cha 2007 ni jingine. Miezi ileile, kilomita mia kadhaa kutoka Muhimbili, katika Hospitali ya Mtakatifu Fransisko huko Ifakara, Tanzania ilikuwa mstari wa mbele duniani katika kuzuia makosa ya namna hiyohiyo. Shirika la Afya Duniani lilikuwa likijaribu orodha ya ukaguzi ya upasuaji katika hospitali nane: Toronto, Seattle, London, Auckland, Amman, New Delhi, Manila, na Ifakara. Kazi iliongozwa na mpasuaji Mmarekani, Atul Gawande. Orodha yenyewe ni karatasi moja yenye mambo 19. Kikosi husimama mara tatu: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kisu, na kabla ya mgonjwa kutoka chumbani. Huyu ni nani? Anapasuliwa nini, upande gani? Ana mzio wowote? Halafu kila aliyemo chumbani anataja jina lake na kazi yake. Mwisho huhesabiwa vifaa na pamba.

Matokeo yalichapishwa Januari 2009. Kwa wagonjwa zaidi ya 7,600, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Hakuna mashine iliyonunuliwa kwa mabilioni hapo. Nchi nyingi ziliichukua ile karatasi, na nyingine zikaifanya amri. Jimbo la Ontario nchini Kanada liliisambaza katika hospitali zake, na watafiti wakakusanya takwimu za hospitali 101. Mwaka 2014 wakatoa jibu lililowashangaza wengi: vifo na madhara havikupungua kwa kiasi cha kujivunia.

Karatasi ni ileile, imekuwaje? Wataalamu wamebishana sana. Kuna wanaosema utafiti wa kwanza uliahidi kupita kiasi, na wengine kwamba hospitali za Kanada zilikuwa nzuri tayari. Maelezo yanayonikaa mimi ni rahisi zaidi: karatasi inaweza kujazwa tiki zote 19 na mtu mmoja, akiwa ameketi kona, upasuaji ukiwa umeshaisha. Nimewahi kuonyeshwa faili la namna hiyo, tiki zote zimeegemea upande mmoja kama mvua ya upepo. Orodha haifanyi kazi kwa kuwa imejazwa. Inafanya kazi pale muuguzi mwenye miaka miwili kazini anapoweza kumwambia daktari bingwa, "Dokta, subiri kidogo, jina la kwenye faili silo," na daktari akasubiri.

Na hapo ndipo tunapogongana na heshima. Sisi tumelelewa kwa shikamoo. Mdogo hamkatizi mkubwa, na akiwa na la kusema huanza na samahani mbili. Kwenye wodi zetu utaratibu huu umevaa koti jeupe: bingwa, daktari, tabibu, muuguzi mfawidhi, muuguzi, mhudumu. Mhudumu anayesukuma kitanda ndiye aliyezungumza na mgonjwa mwisho, naye pengine anajua kwamba huyu alikuwa akilalamikia goti njia nzima. Lakini nani atamuuliza mhudumu?

Haitoshi kusema "utamaduni wetu ndio tatizo", kauli ninayoisikia kwenye semina za hotelini na inayonichosha. Utamaduni huohuo una methali nyingine isiyoalikwa semina: mkubwa ni jaa. Jaa ni mahali pa kutupia taka. Wazee waliosema hivyo walikuwa na nadharia kamili ya uongozi: ukishakuwa mkubwa, kila mwenye taka yake atakuja kuitupa kwako, nawe huna ruhusa ya kumfukuza, kwa maana asipoitupa kwako ataitupa uani kwenu, gizani, na itanuka huko. Miaka ya 1990 mtafiti Amy Edmondson, akifuatilia makosa ya dawa katika hospitali za Marekani, alitarajia kwamba vikosi bora vya wodi vitakuwa na makosa machache. Takwimu zikamjia kichwa chini: vikosi bora ndivyo vilivyoripoti makosa mengi zaidi. Alipochimba akaona kwamba watu wa vikosi hivyo hawakuwa wakikosea zaidi. Walikuwa wakisema zaidi. Mwanamama huyo aliijenga hoja kubwa ya vitabuni juu ya jambo ambalo nyanya zetu walilimaliza kwa maneno matatu.

Heshima ina upande wake wa pili, ule anaostahili mgonjwa, na hapa Tanga ina mengi ya kutufundisha. Watafiti waliofanya kazi katika wilaya za Korogwe na Muheza waliupa mradi wao jina zuri, Staha. Waliwauliza akina mama waliotoka kujifungua: je, ulifokewa, ulipigwa, uliachwa peke yako, ulikosa faragha, ulizuiliwa? Walipowauliza pale mlangoni wakati wa kuruhusiwa, asilimia 19 walisema ndiyo, limenipata moja au zaidi. Walipowafuata baadhi yao majumbani wiki kadhaa baadaye, waliosema ndiyo wakawa asilimia 28.

Ningemwomba kila mganga mfawidhi abandike tarakimu hizo mbili juu ya meza yake, 19 na 28. Kati yake ipo safari ya kutoka geti la hospitali hadi kwenye mkeka wa nyumbani. Mlangoni mama amebeba mtoto mzima, ana furaha, na anajua kwamba pengine mwakani atarudi kwa manesi walewale. Akiulizwa atasema, "Wamenihudumia vizuri, Mungu awabariki." Nyumbani, mtoto akiwa amelala na shoga yake yuko jikoni akimkorogea uji, ndipo linapotoka lile la kofi, au lile la kuambiwa, "Wakati wa raha hukupiga kelele." Kila Mswahili amewahi kusikia sentensi hiyo, au dada yake. Hospitali inayopima huduma yake kwa fomu za kuridhika zinazojazwa dirishani inapima adabu ya wagonjwa wake. Nchini Kenya, utafiti uliofanywa katika vituo 13 ulikuta takriban mama mmoja kati ya watano amedhalilishwa. Huo nao ni mradi uliojipa jina la kwetu: Heshima.

Watu wa Staha hawakuishia kuhesabu. Waliwakalisha pamoja wanajamii na watumishi wa afya, wakaupitia mkataba wa huduma kwa mteja na kuuandika upya kwa lugha ya makubaliano: mama ana haki hizi, na mtumishi naye ana haki hizi. Kisha ndani ya hospitali kikundi kidogo cha watumishi kikaanza kurekebisha vitu vilivyo karibu na mkono. Mapazia yakawekwa kati ya vitanda. Mahali pa kumpokea mama pakahamishiwa penye faragha. Vifaa vilivyokwisha vikaandikwa ubaoni, kila mtu asome. Watumishi wa zamu wakawekewa chai. Hesabu za mwisho zilionyesha kwamba uwezekano wa mama kudhalilishwa ulipungua kwa asilimia 66 ukilinganisha na hospitali ambayo haikuguswa.

Pazia na chai! Msomaji aliyezoea maandiko ya uongozi anaweza kuona kwamba hivi ni vitu vidogo mno kuitwa maadili. Mimi naona kinyume. Tuanze na pazia. Kwenye leba zetu kuna methali inayotumiwa kama fimbo, mficha uchi hazai, na kwa methali hiyo mama huvuliwa mbele ya mfagiaji, fundi bomba na wanafunzi kumi na wawili. Hospitali ikinunua pazia, imemwambia muuguzi, bila semina, kwamba kuna uchi unaohitajika kitabibu na kuna uchi wa uzembe. Chai nayo inasema jambo: wewe uliyeingia kazini jana jioni na hujakaa, tumekuona. Sijui njia ya kumdai mtu staha ambayo hajawahi kuonjeshwa.

Ubao wa vifaa vilivyokwisha ndio ninaoupenda kuliko vyote, kwa kuwa unagusa rushwa bila kuitaja. Tanzania sera inasema huduma za uzazi katika vituo vya umma ni bure. Mama anafika anaambiwa hakuna glovu. Kwa kuwa hajui kama kweli hakuna, na muuguzi anajua kwamba mama hajui, soko linafunguka hapohapo, kwenye mfuko wa sare. Mwingine anauza glovu za hospitali, huyo ni mwizi. Lakini yupo aliyenunua kwa pesa yake ili asizalishe mikono mitupu, anajirudishia. Nani atawatofautisha? Mama hawezi. Mfawidhi asiyeweka wazi hali ya stoo hawezi pia, na baada ya muda hao wawili wanaanza kufanana hata machoni pao wenyewe. Ubao unaosomeka ukutani, "Glovu zimekwisha tangu Jumanne, tumeagiza," unamwondolea mwizi giza lake na kumlinda mwema. Ni ubao tu, na chaki. Lakini anayeruhusu uandikwe ni mkubwa, kwa sababu ubao huo unamwaibisha yeye kabla ya mtu mwingine yeyote.

Kinyume cha ubao huo ni kile kilichomfika mama mmoja wa Bungoma, Kenya, Agosti 2013. Alijifungulia sakafuni kwenye korido, akapigwa na kutukanwa, na mtu mmoja akarekodi kwa simu. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Bungoma ilimpa fidia ya shilingi milioni 2.5. Hukumu haikukomea kwa manesi. Iliwagusa waliopaswa kutenga fedha na kusimamia huduma, serikali ya kaunti na ya taifa. Miaka mitatu kabla, Mahakama Kuu ya Nairobi ilikuwa imehukumu kwamba kuwafungia akina mama katika hospitali ya wazazi ya Pumwani kwa sababu ya deni ni kinyume cha haki zao. Hebu fikiri: mlinzi anayemzuia mama getini hajabuni kitu. Ameagizwa. Kuna kikao kilikaa, kikanywa chai yake, kikaandika muhtasari. Kesi hizi mbili zimefanya kazi ambayo barua za kujieleza haziwezi, ya kuupandisha ukatili ngazi hadi kwa aliyeuwezesha.

Viongozi wetu wa siasa wana dawa yao kwa maradhi haya: ziara ya kushtukiza. Mfano mkubwa kuliko yote ni wa tarehe 9 Novemba 2015, Rais John Magufuli akiwa na siku chache tu Ikulu. Aliingia Muhimbili, akakuta wagonjwa wamelala chini na mashine za CT-scan na MRI hazifanyi kazi. Bodi ikavunjwa, aliyekuwa akikaimu ukurugenzi akaondolewa, na muda si mrefu mashine zikanguruma. Fedha zilizochangwa kwa ajili ya tafrija ya wabunge akaagiza zikanunue vitanda. Hilo la vitanda lilikuwa somo la maadili lisilohitaji hotuba: kila aliyesikia alielewa mara moja kipi kimewekwa mbele ya kipi.

Ila ziara za wakubwa, hata za kushtukiza, zina mkia wao. Nimekaa na mgonjwa katika hospitali moja, sitaitaja, siku ambayo mgeni mkubwa alitarajiwa. Saa kumi na mbili asubuhi mashuka mapya yalitoka stoo, bado yana mikunjo ya kiwandani, yakatandikwa juu ya magodoro yaleyale. Saa kumi jioni, msafara ukiwa umeondoka, yalikusanywa na kuhesabiwa. Muuguzi aliyekuwa akihesabu alinitazama, akatabasamu kwa aibu, akasema, "Ndiyo maisha, kaka." Hospitali ikishazoea kutumbuliwa, inajifunza kutazama getini. Ujuzi wa kuficha unakua haraka kuliko ujuzi wa kutibu, na mkubwa wa taifa anabaki kuwa mtu pekee mwenye ruhusa ya kusema kwamba mashine ni mbovu. Mafundi walijua kwamba zile za Muhimbili hazifanyi kazi, na wagonjwa waliorudishwa nyumbani walijua. Swali langu la tangu siku ile ni la kiofisi kabisa: taarifa yao ilikwama kwenye meza ya nani, na aliyeipandisha alijibiwaje?

Tusidhani haya ni matunda ya umaskini. Hospitali ya Stafford, katikati ya Uingereza, haikukosa umeme wala glovu. Kati ya mwaka 2005 na 2009 wagonjwa waliachwa katika uchafu wao, wengine wakapata kiu hadi familia zao zikawa zinaleta maji. Wakubwa wa hospitali walikuwa wakifukuzia hadhi ya kujitegemea ndani ya mfumo wa afya wa taifa, na ili waipate walitakiwa hesabu zao zikae sawa. Wakakata pauni milioni 10, wakapunguza watumishi. Wakati huohuo kulikuwa na agizo kwamba mgonjwa wa dharura asikae zaidi ya saa nne, na muuguzi mmoja alipolalamika kwamba muda unaandikwa wa uongo ili lengo litimie, alitishwa na wenzake mpaka akawa anaogopa kutembea peke yake hadi kwenye gari usiku. Hadhi waliipata, Februari 2008. Uchunguzi ulioongozwa na wakili Robert Francis ulitoa ripoti yake 2013, yenye mapendekezo 290, na ukatikisa Uingereza nzima. Kwenye karatasi za bodi, hospitali ile ilikuwa ikifanya vizuri. Uingereza ilikuwa imeonywa: miaka ya 1990, mtaalamu wa usingizi Stephen Bolsin alisema kwa miaka kwamba watoto wanaopasuliwa moyo Bristol wanakufa kwa wingi kuliko ilivyotarajiwa. Alipuuzwa, kisha akahamia Australia kutafuta kazi. Ripoti ya kisa chake ilitoka 2001, na Stafford ikafuata ndani ya miaka minne. Nchi inaweza kusoma ripoti kubwa na isijifunze, kama vile kisa cha Nairobi kilivyokuja kufuata cha Dar.

Kilichobadilika baada ya Francis ni sheria: tangu Novemba 2014 hospitali ya umma Uingereza inalazimika kumwambia mgonjwa inapomdhuru, na kumwomba radhi. Kwetu Tanzania ipo Sheria ya Ulinzi wa Watoa Taarifa na Mashahidi ya 2015, na kwenye vikao vya kupitia vifo vya uzazi mwongozo unakataza kutafuta wa kulaumiwa. Sheria hizo nazithamini, ila nimeona jinsi zinavyoweza kufa mbele ya sentensi moja. Nilikaribishwa kwenye kikao cha namna hiyo, hospitali ya wilaya, wajumbe kumi na wanne na chupa za maji. Mama alikuwa amekufa kwa kutoka damu. Mwenyekiti alifungua faili, akavua miwani, akauliza, "Nani alikuwa zamu?" Basi. Kalamu zilisimama. Muuguzi aliyekuwa zamu alijibu kila swali kwa "ndiyo" na "hapana", na saa mbili baadaye muhtasari uliandika kwamba mama alichelewa kufika hospitalini. Ndivyo marehemu alivyobebeshwa kesi.

Wilaya nyingine, mwaka uliofuata, mganga mfawidhi alianza kikao kama hicho kwa kusema, "Niliitwa saa saba na nusu, nikafika saa nane na robo. Gari lilikuwa na mafuta, mimi ndiye niliyechelewa kuamka. Tuanzie hapo." Ukimya ulikuwa mrefu. Kisha mtu wa maabara akasema damu ya kundi lile ilikuwa imekwisha tangu juzi na hakumwambia mtu kwa sababu hakujua amwambie nani. Mfamasia akasema lake. Kabla ya saa sita mchana walikuwa wamepata mambo manne ya kurekebisha, na matatu kati yake hayakuhitaji senti kutoka Dodoma. Lile la nne lilihitaji pesa kidogo, nazo zilikuwapo, maana tangu mwaka wa fedha 2017/18 sehemu ya fedha za mfuko wa pamoja wa afya huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo. Mfawidhi hana tena kisingizio kwamba hata pazia lazima lisubiri halmashauri.

Iliyowahi kufanya hivyo kwa kiwango kikubwa ni hospitali ya Virginia Mason, Seattle. Novemba 2004 mgonjwa alichomwa sindano ya dawa ya kusafishia ngozi, kwa kuwa mezani palikuwa na bakuli tatu za maji meupe zisizo na lebo. Alikufa. Mkurugenzi, Gary Kaplan, na wenzake waliamua kutangaza hadharani nini kimetokea na kwa nini, wakaomba radhi, wakatangaza kwamba lengo lao kuu mwaka uliofuata ni usalama wa mgonjwa. Mawakili wa hospitali nyingi wangemshauri mteja wao anyamaze.

Lakini haya ni ya Marekani, na kuna ahadi ambazo kwetu zinavunjwa kabla hatujafika huko. Mwaka 2013 madaktari wa Kenya walisaini mkataba wa pamoja na serikali. Ulikaa kabatini. Mgomo ulioanza Desemba 2016 ulidumu siku 100, viongozi wa chama wakalala jela siku kadhaa, na walioumia ni wale wasio na pesa ya hospitali binafsi. Unaweza kulaumu mgomo, na wengi tulilaumu. Ila mwajiri anayetia saini na kutelekeza amefundisha somo, na daktari kijana amelisikia vizuri kuliko somo lolote la maadili alilopewa chuoni: kwamba neno la mkubwa halina uzito. Kesho yake unamtaka awe mkweli kwenye faili la mgonjwa.

Ukitaka kuijua hospitali, basi, usianzie ukutani kwenye dira na dhamira. Wala usianzie kwenye sanduku la maoni, ambalo kufuli lake mara nyingi limeota kutu. Nenda wodi ya wazazi saa nane usiku. Muuguzi yuko peke yake na akina mama kadhaa. Amempima mmoja presha mara mbili, imepanda, na mama anasema kichwa kinamgonga na anaona vimulimuli. Muuguzi anajua maana yake. Anajua pia kwamba anaweza kuwa amekosea, mashine yenyewe ina mpira unaovuja. Simu iko mkononi, namba ya daktari wa zamu iko juu kabisa. Wiki iliyopita alimpigia saa kama hizi kwa mgonjwa mwingine, daktari akaja, akapima, akakuta hali si mbaya. Alipokuwa akivua glovu alimtazama muuguzi na kumwambia neno moja kabla ya kuondoka.

Anajaribu kukumbuka alivyolisema.